Siku sita za kupiga mbizi Palau

Kabla sijalowa maji, Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilinidai saini. Uwanja wa ndege, ofisa wa uhamiaji alinigongea muhuri uliojaa ukurasa mzima wa pasipoti: ahadi kwa watoto wa nchi ile kwamba nitapita kwa upole na sitachukua nisichopewa. Wageni wanaitia saini tangu Desemba 2017. Niliikumbuka kila mkono uliponiwasha kugusa kitu.

Kilichonipeleka ni Blue Corner. Ni karibu saa moja kwa boti kutoka mji wa Koror, mkikatiza visiwa vya mawe ya chokaa vilivyofunikwa na msitu, maji yamevila chini hadi vimekuwa kama uyoga. Pale mwamba umechomoza kama kona, ukingoni unaporomoka kilindini, na mkondo unaougonga ukuta hupanda na chakula. Unachomeka ndoano kwenye jiwe lililokufa, kamwe si kwenye tumbawe hai, unatia hewa kidogo kwenye koti la kuelea, halafu unaning'inia kwenye kamba kama kishada. Papa walikuja mbele yangu wametulia juu ya mkondo, hawapigi hata mkia. Nilihesabu 17, nikaacha kuhesabu nikabaki kutazama. Nchi hii ilitangaza maji yake yote kuwa hifadhi ya papa mwaka 2009, na kwa kweli hawana woga na mtu.

Mkondo ule si wa kujifunzia. Kama bado mgeni wa mbizi, omba uanzie German Channel, mfereji uliochimbwa na Wajerumani walipotawala. Sisi tulitulia mchangani, taa wawili wakubwa aina ya manta wakaja kusafishwa na visamaki. Nililia ndani ya miwani.

Ziwa la konyeza ni la mrija na miwani tu, mitungi ya hewa hairuhusiwi: mapovu huwadhuru konyeza, na kuanzia kama mita 15 maji yana gesi ya sumu. Konyeza hulifuata jua, kwa hiyo nenda kukiwa na mwanga. Kibali kilinigharimu dola 100, nami sijutii.

Lawama yangu ni kwa kampuni niliyozama nayo. Koti la kukodi lilivuja siku ya kwanza, wakalibadilisha baada ya mimi kukataa kuingia majini. Kwenye mkondo kama ule, hilo halivumiliki. Beba koti lako, na mafuta ya jua yasiyoua matumbawe. Mengine yamepigwa marufuku tangu 2020.