Uzoefu wangu na 7-Zip katika kufungua mafaili yaliyogawanywa vipande

Ninahariri video za harusi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mpiga picha ninayeshirikiana naye zaidi anaishi Kihesa, Iringa, umbali wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Zamani alikuwa akinitumia diski kwa basi, lakini baada ya diski moja kufika haisomeki kabisa tukaamua kutumia intaneti. Video za shughuli moja, kuanzia kumuaga binti mpaka harusi yenyewe, hazipungui gigabaiti 20, na faili la ukubwa huo halipandi kwa mkupuo mmoja mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Kwa hiyo mwenzangu huligawa vipande vya gigabaiti moja moja, nami navipakua usiku, bando linapokuwa nafuu. Programu tunayoitumia kugawa na kuunganisha ni 7-Zip ya Igor Pavlov, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na haidai malipo yoyote, iwe kwa matumizi ya nyumbani au ya biashara.

Mambo yanapokwenda sawa, kazi ni nyepesi mno. Vipande vyote vinawekwa kwenye folda moja, vikiwa na jina lilelile na kutofautiana namba za mwisho tu, yaani .7z.001, .7z.002 na kuendelea. Kisha unafungua kipande cha 001 peke yake, na programu inavitafuta vingine yenyewe. Naona aibu kukiri kwamba mara ya kwanza nilifungua kimoja baada ya kingine, nikidhani kila kipande kina video zake ndani. Hakina. Katika muundo wa 7z, orodha ya yaliyomo hukaa mwishoni kabisa mwa faili zima, na mwanzoni kuna maelezo mafupi tu yanayoonyesha orodha hiyo iko wapi, hivyo kipande cha mwisho kikikosekana huwezi hata kuona majina ya video ulizotumiwa.

Shida iliyonifundisha mengi ilitokea kwa harusi iliyokuwa na vipande 22. Nilibofya cha 001, nikapata ujumbe mfupi wa Kiingereza unaosema kwamba faili haliwezi kufunguliwa, basi. Hapa ndipo ninapoikosoa programu hii, kwa sababu ujumbe ule haukunionyesha ni kipande gani chenye kasoro, ilhali wakati vipande viko 22 hilo ndilo jambo pekee unalotaka kulijua. Nilipanga folda kwa ukubwa wa mafaili na jibu likajitokeza: vipande vilivyokamilika vyote vilikuwa na kilobaiti 1,048,576 kamili, cha 022 kilikuwa kidogo kama inavyotarajiwa kwa kipande cha mwisho, lakini cha 014 nacho kilikuwa pungufu. Upakuaji wake ulikatika usiku na kivinjari kikauhesabu kuwa umekamilika.

Nilikipakua upya, na bado faili likagoma. Kumbe nilikuwa sijafuta kile kibovu, kwa hiyo kivinjari kilikipa kipya jina lenye (1) katikati, na 7-Zip ikaendelea kukichukua kile cha zamani. Nilifuta kibovu, nikarekebisha jina la kipya, na orodha ya video ikafunguka mara moja. Ukipatwa na shida kama hii, anza na ukubwa na majina kabla ya kuamini kwamba mafaili yameharibika. Kwangu mara nyingi kasoro imekuwa katika hayo mawili.

Hata hivyo siku ile haikuishia hapo. Wakati wa kutoa video, moja yake ilileta kosa la CRC, yaani hesabu ya kuhakiki iliyohifadhiwa wakati wa kufunga haikulingana na data iliyotoka. Ukubwa wa vipande vyote ulikuwa sahihi, kwa hiyo macho peke yake yasingesaidia. Nilibofya vipande kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikaingia kwenye menyu ya CRC SHA, nikaiagiza programu ikokotoe SHA-256 ya kila kimoja, yaani alama ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye data ya faili na kubadilika kabisa data ikibadilika hata kidogo, kisha nikampigia mwenzangu naye afanye vivyo hivyo kwenye mafaili yake ya asili. "Kaka, kwangu namba tisa inaanzia na herufi nyingine kabisa," akaniambia tulipofika hapo. SHA-256 ina tarakimu na herufi 64, na sikushauri uzisome zote kwenye simu. Nane za mwanzo zinatosha kugundua kipande kilichoharibika njiani. Nikapakua cha 009 pekee badala ya gigabaiti zote, na bando likapona.

Jambo lingine lililotuokoa ni kwamba mwenzangu alikuwa amefunga video bila kuzibana. Video kutoka kwenye kamera tayari zimeshabanwa, na kujaribu kuzibana tena kunapoteza saa nzima bila kupunguza ukubwa wa maana. Isitoshe, mafaili yakibanwa kwa pamoja kama mkate mmoja, uharibifu wa sehemu ndogo unaweza kusambaa hadi kwenye mafaili yanayofuata, lakini kwetu uliishia kwenye video moja tu.

Kuna kosa ambalo halihusiani na programu lakini watu huilaumu. Nilipojaribu kutoa video moja kwa moja kwenye flashi, kazi ilikwama njiani ingawa nafasi ilikuwa bado ipo. Flashi ile ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Vipande vya gigabaiti moja viliingia bila taabu, lakini video ya saa nzima iliyounganishwa ilikataliwa. Siku hizi natoa kwenye diski ya kompyuta, nikihakikisha kuna nafasi ya vipande na ya video kwa pamoja, na flashi nimeibadilisha kuwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho.

Kuhusu RAR, muundo mwingine wa kufunga mafaili unaotengenezwa kwa programu ya WinRAR, mteja mmoja wa Njombe alinitumia vipande vya .part01.rar, na kompyuta ya jirani yangu ikashindwa kuvifungua kwa sababu ilikuwa na 7-Zip 9.20 ya mwaka 2010, ilhali muundo mpya wa RAR, uitwao RAR5, ulikuja na WinRAR 5.0 mwaka 2013. 7-Zip haijisasishi yenyewe, kwa hiyo ni lazima uingie 7-zip.org mara kwa mara. Usipakue kwingine, kwa kuwa tovuti za kuigiza ni nyingi. Toleo jipya lilifungua vipande vile vizuri, ingawa 7-Zip haitengenezi mafaili ya RAR wala haitumii data ya uokoaji ambayo WinRAR inaweza kuiweka ndani ya vipande ili kurekebisha uharibifu mdogo. Kwa mtu anayetuma kutoka kwenye mtandao mbovu, naona uwezo huo unastahili kulipiwa.

Kwa kufungua, nimebaki na 7-Zip. Ombi langu kwa mwenzangu limekuwa moja, kwamba kila anapopandisha vipande aambatanishe faili dogo la maandishi lenye SHA-256 za vyote, na kwa harusi mbili zilizopita sijalazimika kumwamsha usiku.