Uzoefu wangu na Altezza RS200 ya gia 6: hela iliyonipa raha kuliko zote ilienda kwenye mpira

Wakuu habari za muda huu. Kuna watu wamekuwa wakiniuliza sana kuhusu hii Toyota Altezza yangu, wengi wakiiona imekaa chini kidogo na rimu namba 17 wanadhani nimemwaga hela kwenye injini, sasa leo nimepata nafasi nieleze yote, nilivyoinunua, nilichofunga, nilichofunga nikakitoa, na nilichojuta. Ni miaka minne sasa niko nayo hapa Dar na naipenda sana hii gari, nasema mapema kabisa mtu ajue anasoma maneno ya mtu mwenye mapenzi.

Kwanza tuelewane ni Altezza ipi maana mtaani zimejaa ila sio zote kitu kimoja. Kuna ile ya injini ya 1G-FE, silinda 6, hospawa (nguvu za farasi) 160, imetulia, inakupeleka kazini na kukurudisha. Halafu kuna RS200, namba ya chesesi inaanza na SXE10, ina injini ya 3S-GE silinda 4 ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, na ya manyuali inatoa hospawa 210 kwa hesabu ya Kijapani. Ila soma vizuri hapo, hizo 210 unazipata injini ikiwa kwenye mizunguko 7600 kwa dakika. Chini ya 4000 ni gari ya kawaida tu, mtu mwenye gari ya turbo anakuacha kwenye mataa na wala usibishane naye. Ukivuka 6000 ndo sauti inabadilika na gari inaamka, yaani inakuomba usibadili gia bado. Kama umezoea gari inayovuta ukigusa tu mafuta, hii utaiona nzito, na sio gari mbovu, hukuelewa inataka nini.

Yangu ni ya mwaka 2001, nilinunua kwa mtu Mbezi, milioni 12 na nusu, ikiwa na kilomita 148,000. Kilichonifanya niichukue ile ile siku ni stika ndogo ya Kijapani ndani ya boneti, gereji za kule wakibadili taimingi belti, ule mkanda unaozungusha vali za injini, wanabandika stika wanaandika tarehe na kilomita, yangu iliandikwa 98,000, nikajua huyu mwenye gari wa kwanza alikuwa mtunzaji. Ukienda kukagua gari ya Japani tafuta hiyo stika.

Sasa mwaka wa kwanza nilianzia juu badala ya chini. Nikanunua koilova, zile shokapu unazozungusha kupandisha na kushusha gari, mpya kwenye boksi, milioni 1 na laki 4, nikaishusha mpaka kati ya tairi na fenda vinaingia vidole viwili. Kwa picha ilikuwa nzuri sana. Kwa barabara zetu ilikuwa mateso, matuta ya mitaani napita kwa upande kama kaa, mtoto nyuma analalamika, na juu ya yote gari ikifika 100 usukani unatetemeka na ukikanyaga breki inavuta kushoto. Nikapeleka wili alaimenti mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara wanasoma mashine wanasema iko sawa, nikitoka mpaka nafika nyumbani usukani umepinda tena, na tairi za mbele zikaliwa kwa ndani mpaka waya ukatokeza.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa mtaa wa Gerezani hapa hapa Dar, mtu mzima, haongei sana. Nilimpelekea nikamwambia mzee wangu naomba unitazamie hizi shokapu nahisi nimeuziwa feki. Hakugusa shokapu. Akapandisha gari na jeki, akachukua mtaimbo, akauingiza kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachoshika tairi na bodi, akausukuma kidogo tu, mkono ukacheza kama sentimita nzima na ile sauti ya chuma kwa chuma, ko, ko. Akaniambia "kijana wangu, we umemvalisha suti mtu anayeumwa magoti." Akafungua, akaitoa ile bushi, kipande cha mpira kinachokaa kwenye maungio ya mkono, kwa presi, akaniwekea mkononi. Mpira umepasuka magaga kama kisigino cha mtu anayetembea peku, nikiubonyeza unamong'onyoka vidoleni, unga mweusi. Mpira wa tangu 2001, umekaa kwenye joto la Japani na joto la Dar miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuugusa.

Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwenye kila tairi, mbele na nyuma. Hiyo ndo inayoifanya ishike barabara vizuri kwenye kona, tairi inabaki imekaa sawasawa na lami hata gari ikilala. Ila maana yake bushi ni nyingi, na kila moja ikilegea kidogo ukijumlisha zote tairi inaelekea inakotaka yenyewe, ndo maana alaimenti ilikuwa haikai, huwezi kupima kitu kinachohama. Tukabadili zote pamoja na bolijointi za chini mbele, pamoja na ufundi milioni 1 na laki 2 hivi. Wengine walinishauri nifunge zile za plastiki ngumu za mashindano, nikakataa, kwa barabara zenye mashimo zile zinakuletea kila kokoto mpaka kwenye meno, nikaweka mpira.

Na hapa kuna kitu nilijifunza kwa yule mzee ambacho mafundi wengi wanakiruka, naomba ukishike hata kama gari yako ni IST. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma chake, haizunguki, inajinyonga. Sasa fundi akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia, anakuwa ameilaza bushi kwenye hali ya kuning'inia, ukishusha gari chini mpira unabaki umejinyonga muda wote hata gari ikiwa imepaki, miezi michache umechanika. Yule mzee alifunga bolti zote kwa mkono tu kwanza, akashusha gari kwenye mbao nne, akaitikisa juu chini mpaka ikakaa, ndipo akaingia chini kukaza. Alilala chini ya ile gari karibu saa nzima anakaza moja moja, jasho linamtoka, na hakuniongezea hata shilingi. Miaka miwili na nusu sasa bushi hizo ziko vilevile.

Siku natoka pale kurudi nyumbani niliendesha nikicheka peke yangu. Usukani umetulia, unageuza kidogo gari inakwenda hapo hapo. Wiki iliyofuata nikatoa koilova nikaziuza laki 6, nikarudisha shokapu za kawaida na springi fupi kidogo, imeshuka kama sentimita 3 tu, nikabadili na mountingi za injini na giaboksi. Hizo mountingi nazo ni mpira, na kumbe ile gia ya pili niliyokuwa naona inakataa kuingia haikuwa giaboksi, ni injini nzima ilikuwa inalala nikikanyaga mafuta inaondoka na lever. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta giaboksi ya mtumba Ilala jamani.

Mpira mwingine ni tairi. Saizi yake ni 215/45 R17. Mtumba wa Japani utaupata kwa bei rahisi na utaona una kashata (yale meno ya tairi) nzuri, ila soma zile namba nne za mwisho pembeni baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 2312 hiyo imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2012, hata kama kashata zipo mpira umeshakuwa mkavu, mvua ikinyesha utateleza. Nilinunua mpya nne, laki 2 na 80 kila moja, na kwangu hiyo ni modifikesheni kubwa kuliko ekzosti yoyote.

Ekzosti nilifunga pia, sitaficha. Bomba kubwa bila mafla ya kati, lile kopo la kupunguza kelele. Raha yake ni siku mbili, baada ya hapo safari ya Morogoro kichwa kinauma, majirani wananuna alfajiri, na trafiki wanakusikia kabla hawajakuona. Nikarudisha mafla, nikabakiza bomba la nyuma tu.

Injini yenyewe sijaigusa kuiongezea kitu na sitaigusa. Imetoka kiwandani mgandamizo wake ndani ya silinda ni 11.5 kwa 1, imebana sana, wenyewe walishakamua kilichokuwepo, kuongeza hapo ni hela nyingi kwa hospawa chache. Inachotaka ni oili safi. Zile gia za VVT-i, zinazopanga muda wa vali kufunguka, hii inazo mbili, ya kuingiza na ya kutoa moshi, zinasukumwa na presha ya oili, sasa oili ikiwa chafu au pungufu ndo unasikia asubuhi ukiwasha krrr kama sekunde moja halafu kimya. Mimi nabadili kila kilomita 5000, 5W-30, na mizunguko ikizidi 6000 mara kwa mara inakunywa kidogo, kwa hiyo kijiti nakichomoa kila Jumamosi. Na jihadharini na makopo ya oili ya kujazwa mtaani, kuna duka niliuziwa kopo, nimefungua kifuniko pete ya chini ilishakatwa na oili nyepesi kama maji ya mchele, nikaimwaga yote.

Malalamiko yangu makubwa ni gereji moja niliyoipelekea kubadili taimingi belti ilipokaribia kilomita 198,000. Sitaitaja. Walinipokea vizuri, wana sehemu ya kukaa, kahawa, kila kitu. Nikachukua gari jioni, kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, ikifika 5000 inakuwa kama imefungwa kamba nyuma, na taa ya cheki injini imewaka. Nikawarudia, wakafuta taa kwa mashine wakaniambia bosi ni sensa, tena wakanipigia bei ya sensa. Nikaenda kwa mzee wangu wa Gerezani, akafungua kava, akazungusha krenki mpaka alama, akaniita nitazame: belti imeruka jino moja. Jino moja tu! Akaipanga upya, akaizungusha kwa mkono raundi mbili kamili kuhakiki alama zinarudi palepale, akawasha. Hakuna sensa iliyonunuliwa. Kwa hiyo ukibadili belti simama hapo, mwambie fundi akuonyeshe alama kabla hajafunga kava, fundi wa kweli hakasiriki.

Hapo hapo nigusie themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Nimekuta gari nyingi sana wamezitoa, fundi anakwambia huku kwetu joto haina kazi. Yangu pia nilikuta haipo na kwenye rejeta maji ya bomba yenye kutu rangi ya chai. Bila themostati injini haifiki joto lake upesi, kompyuta inadhani gari bado ya baridi inaongeza mafuta. Nimerudisha themostati, nimeflashi, nimeweka kulanti, na mshale wa joto unasimama sehemu moja tu hata foleni ya Ubungo saa 12 jioni. Mafuta mjini nimetoka kilomita 7 kwa lita mpaka karibu 9.

Kipimo changu cha gari ni Lushoto, kule milimani Tanga. Ukitoka Mombo kuelekea Soni ile barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mara ya kwanza, kabla ya matengenezo yote haya, nilipanda kwa wasiwasi na kushuka kwa hofu, nikifika karibu na chini pedali ya breki ikaanza kuzama laini kama sponji, nikasimama pembeni nusu saa mpaka ikapoa. Kumbe majimaji ya breki yalikuwa hayajabadilishwa sijui tangu lini, yananyonya unyevu na yakipata moto yanachemka. Sasa nabadili kila baada ya miaka miwili, na kushuka nashuka na gia ya pili, injini inashika gari na breki inapumzika.

Desemba iliyopita nimekwenda tena, mke wangu na mtoto wako ndani. Kutoka Dar ni mwendo wa vibao vya 50 na tochi za trafiki, hakuna cha kujionyesha, ila tulipoiacha barabara kuu pale Mombo tukaanza kupanda, gia ya pili, ya tatu, ya pili, sikwenda mbio hata kidogo ila kila kona gari inaingia pale pale ninapoangalia na kutoka bila kuyumba, mtoto akalala usingizi njia nzima ya milimani. Tulipofika Soni mke wangu akaniuliza hivi hii gari umebadilisha injini?

Kwa sasa nasubiri klachi, imeanza kushika juu sana na yule mzee ameshaniambia nisiivumilie zaidi ya miezi mitatu. Mwenye kujua wanakouza seti mpya ya SXE10 manyuali, sio ya 1G, tafadhali aniambie na bei.