Saa za zamani za kuzamia: anza na hesi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu saa za zamani za kuzamia yanafanana. Mtu amelipa, saa imefika, inatembea vizuri, ila kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo hakikazi. Kinazunguka tu, kisha kinaruka nje.

Kwa hiyo rangi na ukubwa chagua mwenyewe. Mimi nataka uangalie hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu kwenye kitufe hicho. Saa nyingi za aina hii huzuia maji kwa kitufe hicho kufungwa kama skrubu kwenye bomba dogo ubavuni. Hesi ikishalika, hata ukiweka mpira mpya wa kuzuia maji, yanaweza kupita. Kwenye Rolex bomba hilo hutolewa likawekwa jingine. Kwenye Seiko za enzi hizo bomba ni sehemu ya bodi yenyewe, na fundi wa kuchonga hesi upya hapatikani kila mtaa.

Hata hivyo namba moja yangu ni Seiko 6309-7040, na hapo sibishani na mtu. Ilitengenezwa kati ya 1976 na 1988, kwa kina cha mita 150, na inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Kabla ya kompyuta za kuzamia, mzamiaji aligeuza pete ya nje hadi alama yake ikutane na mshale wa dakika, akashuka, na hesabu ya hewa yake ikawa pale. Ukiona pete imechubuka, huenda ilifanya kazi hiyo. Usikubali ipigwe polishi. Mgongoni, tarakimu ya kwanza ya namba ya saa yenyewe (si ile ya modeli) ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa.

Ya pili ni Doxa Sub, iliyoanza 1967 na uso wa rangi ya chungwa. Pete yake huonyesha dakika unazoruhusiwa kukaa kwa kila kina bila kusimama njiani wakati wa kupanda. Sijaona pete yenye akili kuliko hiyo.

Omega Seamaster 300 ya miaka ya 60 naiweka ya tatu kwa shingo upande, maana nyingi sokoni zimeungwaungwa kwa vipuri. Rolex Submariner 5513 ni ya mwisho kwa sababu ya bei tu, na bei hiyo wameipandisha watu wanaoifungia kabatini.

Mwenye pesa kidogo achukue Vostok Amphibia ya Urusi. Kitufe chake kikifunguliwa hucheza, ndivyo kilivyoundwa.

Sasa wauzaji. Wanaandika "imefanyiwa sevisi" bila hata picha moja ya mashine ndani, na picha zote kitufe kimefungwa. Omba video: kifunguliwe, kivutwe, kisha kirudishwe na kukazwa kwa vidole polepole. Kinapaswa kushika hesi mara moja na kuzunguka kwa ulaini hadi kigome. Muuzaji akijibu kwamba saa ya zamani haipaswi kuguswaguswa, usimtumie hela.