Odyssey ya Emily Wilson, tuliyoisoma barazani

Miezi mitatu sasa, kila baada ya magharibi, nimekuwa nikimsomea shangazi yangu Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Emily Wilson, iliyotoka mwaka 2017. Nasoma fungu kimoyomoyo, kisha namsimulia kwa Kiswahili. Shangazi hajui Kiingereza, ila Utenzi wa Mwana Kupona anao wote kichwani. Kwa hiyo maoni haya ni ya watu wawili, na mwenye sikio ni yeye.

Mwanzo aliutambua mara moja. Mshairi wa Kigiriki hagusi kisa kabla ya kumwomba Muse, mungu wa kike wa utungo, amfungulie maneno. "Kapiga hodi, kama wetu wanavyoanza na Bismillahi," alisema. Kilichomsumbua ni kwamba mwenye kisa haonekani. Odysseus, mfalme aliyekwenda vitani, ana miaka 20 hajafika kwake, na sisi tunamkuta sehemu ya tano kati ya 24, amekaa ufukweni kwa Calypso, mungu wa kike anayemzuia kisiwani, analia. Tenzi za Kigiriki ndivyo zilivyo: zinaingia katikati ya mambo, halafu zinarudi nyuma. Yale ya Cyclops, jitu la jicho moja, anakuja kuyasimulia mwenyewe baadaye, karamuni. Tulipofika hapo Shangazi hakutaka nifunge kitabu, maana suala la mgeni analijua barabara. Kwa mfalme mzee Nestor kule Pylos, Telemachus, mwana wa Odysseus, analishwa kwanza, ndipo anaulizwa yeye ni nani. Cyclops anahoji wageni kabla ya kuwapa hata maji, kisha anawala wawili wawili, na zawadi anayomwahidi Odysseus ni kumla wa mwisho.

Kiingereza cha Wilson ni chepesi na kina mwendo. Kila mstari una vipigo vitano, na idadi ya mistari ni ile ile ya Kigiriki, zaidi ya 12,000. Ukisoma kwa sauti hukwami popote.

Ugomvi wangu naye ni mmoja. Katika Kigiriki, kukipambazuka mshairi anarudia mstari ule ule: Alfajiri, mzaliwa wa mapema, mwenye vidole vya waridi. Wilson anaubadilisha makusudi, kila asubuhi maneno mapya, na sababu zake ameziandika mbele ya kitabu. Kwa anayesoma kimya huenda zinatosha. Lakini utungo huu ulizaliwa mdomoni. Katika miaka ya 1930 Milman Parry, mtaalamu wa Homer kutoka Marekani, aliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia waliokuwa wakitunga huku wakiimba, na kwao akaona jinsi mafungu ya maneno yaliyo tayari yanavyombeba mwimbaji hadi mstari unaofuata. Yanambeba na msikilizaji. Mimi niliurudisha mstari ule katika Kiswahili changu, na usiku wa tatu Shangazi akawa anautamka pamoja nami kabla sijaumaliza. Hilo Wilson amelipoteza, na ni kubwa.

Sehemu ya 19, hata hivyo, ameiweka vizuri mno. Odysseus amerudi kwake kwa sura ya ombaomba, na Eurycleia, yaya aliyemlea, anamwosha miguu. Odysseus anageukia gizani, mbali na moto, asije akajulikana. Mkono wa mama yule unapita juu ya goti, unakuta kovu. Hapo mshairi anasimama. Anatupeleka mlima Parnassus, kwenye mawindo ya ujanani, nguruwe mwitu anatoka kichakani na kumpasua mguu; mistari mingi sana, na muda wote huo sisi tunajua mkono bado uko kwenye kovu. Ndipo mguu unaponyoka, beseni la shaba linalia, maji yanamwagika sakafuni. Nilipoinua macho, Shangazi alikuwa ameshika goti lake mwenyewe.

Jambo jingine la kumshukuru Wilson: mtumwa anamwita mtumwa. Tafsiri nyingi za zamani zinasema wajakazi, watumishi. Katika sehemu ya 22, wasichana 12 watumwa wa nyumba ile wananyongwa, na mshairi anawafananisha na ndege walionaswa wavuni wakirudi kulala. Sisi wa pwani neno mtumwa tunalijua uzito wake. Shangazi aliuliza walikuwa na umri gani. Utenzi hausemi. Usiku ule hatukuendelea.

Kitabu kina ramani, na nyuma kuna orodha ya majina pamoja na matamshi, ambayo nimeifungua karibu kila siku. Utangulizi ni mrefu na una elimu nyingi, ila usomeni mwisho, unafichua kisa. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na ile alfajiri.

Tafsiri yake ya Iliad, utenzi mwingine wa Homer, ya mwaka 2023 nimeshaiagiza. Nimemwambia Shangazi kwamba kwa Kigiriki neno la kwanza la utenzi ule ni hasira. Amesema nisianze bila yeye.