Seti ya kufungulia injini ndogo: nyota mbili, labda tatu

Boksi lake zuri na idadi ya vifaa vilivyomo mtavisoma kwenye tangazo lao. Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya bolti moja.

Injini ni ya pampu ya maji, silinda moja, nimekuwa nayo miaka. Ilianza kufuka moshi wa bluu, na mbaya zaidi, kila nikivuta kamba ya kuwashia inaunyakua mkono wangu na kuurudisha kwa kishindo. Nikasema basi, naishusha mwenyewe, naifungua hadi kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nabadilisha ringi za pistoni na sili, na huo ugonjwa wa kamba nitaukuta hukohuko ndani. Ndipo nikanunua seti hii.

Mwanzo raha tupu. Tangi, kabureta, kava la feni, vyote vilitoka. Kila bolti niliichomeka kwenye kipande cha katoni nilichochorea umbo la injini, maana bolti ndefu na fupi ukizichanganya utajuta siku ya kufunga. Kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye ncha ya kranki, niliingiza kipande cha kamba kupitia tundu la plagi, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, pistoni ikakwama, nati ikalegea kwa mvuto mmoja. Sikuitoa yote. Niliiacha usawa wa ncha ya kranki ili kulinda thredi, na nashukuru nilifanya hivyo.

Sasa pula, kile kifaa cha kuing'olea flaiwili. Flaiwili haishikwi na nati peke yake. Imekaa kwenye tepa, yaani ncha ya kranki iliyochongoka kama koni, na tepa ikishauma, chuma na chuma vinakuwa kitu kimoja. Pula ya kwenye seti ni bamba lenye bolti mbili za pembeni zinazoingia kwenye matundu ya flaiwili, na moja nene ya katikati inayosukuma kranki. Nikakaza robo mzunguko, nikasubiri. Robo nyingine. Mara nikasikia ulaini mkononi. Nikashangilia peke yangu kama mwehu: imetoka!

Haikutoka kitu. Ni bolti ya katikati iliyokuwa ikijifia. Ncha imetanuka kama uyoga, thredi zimelala upande. Naigeuza kuangalia kichwani: kipara, hakuna namba hata moja. Bolti ngumu huandikwa pale juu, 8.8 au 10.9, ujue unashika nini. Kwenye kifaa ambacho kazi yake pekee ni kubeba nguvu, wameweka bolti ya kufungia kitasa!

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, na picha juu. Jibu likaja: "Bosi, hizo injini ndogo gonga nyundo tu zinatoka. Mbona hamna subira?"

Gonga nyundo. Watu walioniuzia pula wananiambia nigonge nyundo! Flaiwili ina sumaku na mapezi ya feni. Ukiipiga ovyo unavunja pezi, au unapinda kranki, na hapo huna tena injini ya kufufua, una chuma chakavu. Siku ile nilikuwa nimeshaandika nyota moja, bado kubonyeza tu.

Fundi mmoja ninayemheshimu ndiye aliyenizuia. Aliliangalia lile bamba, akalisifu, akasafisha thredi zake, akaniwekea bolti ya 10.9. Tukakaza mpaka spana ikagoma. Flaiwili kimya. Halafu mzee akachukua nyundo, akagonga kichwa cha bolti ya katikati, mara moja, wala si kwa nguvu. Paa! Flaiwili ikaruka.

Kwa hiyo yule kijana wa meseji alikuwa na ukweli, nusu yake. Nyundo ilihitajika. Kinachoniuma ndicho hicho. Angeongeza maneno sita tu, "kaza kwanza, gonga kichwa cha bolti", ningemwombea dua mpaka leo.

Na kile kichuma cha nusu mwezi kinachoipanga flaiwili kwenye kranki tulikikuta kimekatika nusu. Flaiwili ilikuwa imeteleza kidogo, cheche inaruka wakati usio wake, ndiyo maana kamba ilikuwa inaninyakua mkono. Nadhani iliteleza ikauma upya, ndiyo maana ilikaidi vile. Basi labda hata bolti nzuri ingelia kidogo. Labda.

Vifaa vingine siwezi kuvisema vibaya. Koleo la kutanulia ringi halikuvunja hata ringi moja, na kibana ringi kiliingiza pistoni kwenye silinda bila kelele. Vile vibamba vya kupimia nafasi ya valvu navitumia hata kwenye injini za watu. Ukinunua seti hii, itoe ile bolti ya katikati ukaitupe kabla hujagusa kitu kingine.

Pampu sasa inawaka kwa mvuto wa pili, moshi hakuna. Nyota tatu basi. Hapana, mbili. Nimeisoma tena ile meseji yao, na bolti hawajanitumia.