Chaja ya betri ya gari: kitufe nilichokuwa nakidharau ndicho kilichonifaa

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifanya ninunue chaja hii mpya. Ile ya zamani ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye namba tatu za ampea, yaani nguvu ya mkondo wa umeme unaoingia: 2, 10 na 50. Gari lilikuwa limekaa wiki tatu bila kuwashwa, nikipiga stata nasikia tik-tik-tik basi. Nikajiambia, kwenye 2 nitangoja mpaka lini? Nikaweka 10, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nafungua boneti nakutana na harufu ya mayai viza, betri ya moto kama sufuria, ubavu umevimba. Fundi alipoiona hata mita hakuitoa.

"Bosi, hii umeipika."

Betri yenyewe ilikuwa imeandikwa 45Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Mafundi wengi hugawa namba hiyo kwa kumi, kwa hiyo ya 45 inachajiwa kwa ampea 4 au 5, ya 60 kwa ampea 6. Mimi niliizidishia maradufu. Lakini kubwa zaidi ni kwamba chaja ile haikujua kuacha. Betri ikishajaa na bado unaisukumia umeme, umeme ule unaanza kuyavunja maji ya ndani yawe hidrojeni na oksijeni, na hidrojeni inataka cheche moja tu ilipuke. Nami nilikuwa nimefunga mlango wa gereji! Ile 50, kama na wewe unayo, si ya kuchajia kabisa. Ni ya kusaidia stata kwa sekunde chache, halafu unaizima.

Hii mpya inajipima yenyewe. Inashusha ampea kadiri betri inavyojaa, kisha inabaki kwenye volti 13.6 hivi kuitunza tu, hata ukiisahau siku mbili. Ina vitufe vya volti 6 na 12 (magari mengi madogo ni 12, hapo hakuna la kufikiria), halafu kuna alama tatu zilizonisumbua: gari, chembe ya theluji na spana.

Theluji niliipuuza. Nilidhani ni ya watu wa kwenye barafu, mimi inanihusu nini? Miezi miwili nikatumia alama ya gari, taa ya kijani inawaka, naridhika. Ila gari nililo nalo sasa ni la zile injini zinazojizima ukisimama kwenye taa, na lilikuwa limeacha kujizima, kama yanavyofanya betri ikipungukiwa. Nikachomoa chaja, nikaiacha betri ipumzike usiku mzima, nikapima: volti 12.5. Betri ya aina hiyo ikiwa imejaa sawasawa hufika 12.8. Ndipo nikasoma kibandiko juu ya betri, herufi tatu ambazo nilikuwa nazipita kila siku: AGM, yaani betri ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo.

Kumbe alama ya gari kwenye chaja hii inaishia volti 14.4, inayotosha betri za kawaida za maji. Theluji inapanda mpaka 14.7, kwa sababu betri yenye baridi inahitaji msukumo zaidi, na AGM nayo inautaka huohuo. Nikaweka theluji usiku mmoja. Baada ya kupumzika ikasoma 12.8, na siku ya pili injini ikaanza kujizima tena kwenye foleni. Usije ukaiga kama betri yako imeandikwa GEL (asidi yake imegandishwa kama jeli), lakini. Hiyo inataka volti za chini, 14.1 hivi, ukiipandisha inakauka ndani na hairudi. Na za lithiamu zina chaja zake, usijaribu na hii.

Spana ni ya kufufua betri iliyolala muda mrefu. Inapanda karibu volti 16, kwa hiyo betri ya maji peke yake, tena uitoe kwenye gari kwanza usije ukaunguza kompyuta zake. Nimeijaribu mara moja kwenye betri kuukuu. Ilipata nguvu kidogo, wiki mbili baadaye ikafa tena. Sikushangaa.

Malalamiko ninayo. Waya ni mfupi, chaja inabidi ikae juu ya injini. Vibanio ni legevu, nikivishika vibaya vinateleza, ndiyo maana navibana kabla ya kuchomeka ukutani: chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye chuma cha bodi mbali na betri. Betri ikiwa imeisha umeme kabisa, chini ya volti 8, chaja haiioni na inakataa kuanza. Na lililoniudhi kuliko yote, umeme ukikatika na kurudi inasahau ulichochagua na kurudi kwenye alama ya gari. Unaamka unadhani imechaji kwa theluji, kumbe wapi. Kwa hilo naikata nyota moja, nyingine nne ibaki nazo.

Nimebandika plasta juu ya boksi na kuandika kwa kalamu nene: THELUJI, SI GARI. Shemeji aliyeiazima juzi ameirudisha anauliza theluji ya wapi.