Sanduku la pisi 108 na boksi namba 27

Naanza na hili ili msije mkasema sikusema: lile sanduku la spana la pisi 108 linalouzwa kila duka siku hizi, lenye mfuniko wa plastiki na vifungo viwili vya kubonyeza, usilibebe porini. Liweke nyumbani, likusaidie kukaza vitasa vya milango. Mimi nimelilipia laki moja na themanini, nikalitegemea kwa dakika ishirini tu, na hizo dakika ishirini zilitosha.

Najua kuna watakaosema rahisi ni ghali. Laki moja na themanini siyo rahisi jamani. Kwa fedha hiyo nategemea chuma kiwe chuma.

Gari langu ni Land Rover 110, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Wenye gari hili wanajua nati zake za wili ni namba 27, yaani milimita 27, tano kila tairi, na hata tairi la spea pale mlangoni nyuma limeshikwa na nati hizohizo. Miaka yote nimezifungua kwa spana moja nzito, nyeusi, imekuja na gari, haina urembo wowote. Siku ya kupakia niliitoa nikaitupa stoo. Hakuna aliyenituma. Niliitoa kwa sababu muuzaji aliniambia, "Boss, humu kila kitu kimo," akachomoa boksi namba 27, ile spana ya kikombe inayovikwa juu ya nati, kutoka kwenye kitanda chake cha plastiki, akaniwekea kiganjani. Liling'aa kama sufuria ya kukodi ya harusi. Nikaona aibu kubeba ule mchuma mweusi pamoja na vitu vya kisasa namna hii.

Safari ilikuwa ya kumpeleka baba mkwe Ziwa Natron. Mzee amestaafu udereva wa malori, Makuyuni, pale njia panda, ameipita hata hesabu haijui, lakini hajawahi kukunja kulia akaenda mpaka Ngare Sero kando ya ziwa akaona heroe, wale ndege flamingo. Ilikuwa baada ya masika, Juni au Julai, vumbi lilikuwa limeshaanza. Tulikuwa watatu: mimi, yeye na shemeji yangu. Asubuhi ile mzee alilizunguka gari, mikono nyuma, kama trafiki. Akauliza:

"Spana ya wili unayo?"

"Ipo kwenye sanduku, baba. Mpya."

"Haya."

Ile "haya" yake ningeisikiliza vizuri nisingekuwa naandika hapa.

Mto wa Mbu tuliiacha lami, tukashika Selela, na kutoka hapo barabara ikawa mawimbi mawimbi kama bati. Mtetemo ule ndio unaoua magari, kuliko hata mawe. Nati zinalegea zenyewe, waya zinasuguana, vibano vinakatika. Kabla hatujafika Engaruka kibano cha silensa kilikatika, ekzosi ikawa inaning'inia na kugonga chini. Nikaingia uvunguni na waya wa kufungia, ule wa kufungia nondo kwenye ujenzi, nikaufunga mizunguko mitano na kuukaza kwa plaizi ya sandukuni. Nitende haki: plaizi ile ilikata waya kama kisu. Nikatoka uvunguni najisifu. Mzee alikuwa ananunua ndizi.

Baada ya Engaruka ndipo Lengai unajitokeza vizuri, Mlima wa Mungu wa Wamasai, na kila mtu ndani ya gari anaangalia juu badala ya kuangalia njia. Nadhani na mimi niliangalia juu. Nikasikia pwaa, kisha gari likalala nyuma kulia.

Ingekuwa mwiba wa mgunga nisingejali. Mwiba unachomoa na plaizi, unapanua tundu, unaingiza kamba ya tubeless yenye gundi, unajaza upepo, umeondoka, hata tairi halijafunguliwa. Kamba hizo nilikuwa nazo kumi. Lakini hili lilikuwa jiwe la volkano lenye makali, limechana ubavu wa tairi, vidole viwili vinaingia. Ubavuni kamba haishiki, pale pananyumbuka kila mzunguko. Ni kubadilisha tu.

Tukaanza kwa utaratibu. Mawe mbele ya matairi, kipande cha mbao ya mninga chini ya jeki ya chupa kwa sababu udongo wa huko ni jivu, jeki inazama kama imekanyaga unga. Spea ilifunguka vizuri, nati zake huwa nazikaza kwa mkono tu. Boksi namba 27 likafanya kazi, shemeji akasema, "Shem, hii kitu ni kali." Nikakubali.

Nati za wili zinalegezwa tairi likiwa bado linagusa chini, hilo kila mtu analijua. Ya kwanza ikakubali kwa kelele. Ya pili nikaongezea bomba kwenye mkono wa spana, ikakubali. Ya tatu nikasimama juu ya bomba. Ikalia "ta!" kama fimbo kavu, nikajikuta nimekaa chini, goti linavuja damu. Nikajua nati imelegea. Kumbe boksi limepasuka.

Nimelipiga picha, lakini picha haioneshi vizuri, acha nieleze. Ufa umeanzia mdomoni umeshuka mpaka kiunoni. Ile rangi ya fedha imebanduka kama ganda la yai la kuchemsha, na ndani ya ufa chuma ni cha kijivu, cha chengachenga, kama sukari guru ukiivunja. Chuma kizuri kikishindwa kinapinda kwanza, kinakupa taarifa. Hiki kilivunjika kama sahani. Na ubavuni kimepigwa muhuri wa herufi kubwa: CHROME VANADIUM, yaani chuma cha aloi imara. Muhuri hata mimi naweza kuchonga, nikaandika DHAHABU.

Kitu cha pili, na hapa ndipo nilijiona mjinga zaidi: ndani ya boksi hilo kuna meno 12. Boksi la meno 12 linaishika nati kwenye ncha za pembe tu, la pembe 6 linalalia ubavu wa nati. Kwa nati iliyoganda unataka pembe 6 na ukuta mnene. La kwangu lilikuwa na ukuta mwembamba kama bangili, na lilipopasuka lilishaila nati ya tatu pembe mbili. Yote haya nilikuwa nayajua. Dukani sikugeuza hata kuchungulia ndani, niliangalia mng'ao.

Nikafungua sanduku lote chini. Pisi 108, ukitoa moja, 107. Bisibisi za ukubwa wa sindano ya cherehani. Vichwa vya nyota ambavyo hakuna nati ya Land Rover iliyowahi kuviona. Maboksi madogo madogo, 4, 5, 5.5, sijui ya kufungulia saa za mkononi? Ndivyo wanavyofikisha 108. Nati tatu zimebaki, jua la saa sita, na mimi nimeshika kisanduku cha fundi simu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari juu ya dumu la maji. Hakusema neno. Ningependa angenitukana.

Likapita Fuso limebeba mbuzi. Dereva muungwana, akashuka na spana yake ya wili, lakini ya lori ni lidude likubwa, likacheza kwenye nati zangu kama kofia ya baba kwa mtoto. Akatupa pole, akaondoka. Tukakaa tena. Kama saa mbili hivi, labda na zaidi, sikuangalia saa kwa makusudi.

Waliotuokoa ni Land Rover la abiria, yale yanayobeba watu wa Engaruka na Ngare Sero, watu ndani, watu juu, magodoro, kuku. Wakashuka wote. Kina mama wakazunguka tairi, kila mmoja na maoni. Tandiboi, kijana mwembamba amevaa katambuga, hakuuliza kitu, akavuta kutoka chini ya kiti spana yao. Nataka niwaeleze hiyo spana. Ni boksi kuukuu la 27, la pembe 6, lina kutu mpaka ndani, limechomelewa kwenye nondo nene ya mita moja hivi. Uchomeleaji wake kama kichuguu. Wala halijaandikwa chochote. Akaisukuma kwenye nati kwa kisigino, akainama, akavuta mara moja. Kriii. Ya pili. Kriii. Ile niliyoiharibu mimi akaigongea boksi kwa nyundo ikaingia kwa nguvu, ikafunguka nayo. Dakika tano hazikufika. Nilimpa dereva elfu kumi, akaipokea bila kujifanya, na mimi nikampenda kwa hilo.

Tulipoondoka, kimya. Tumetembea kilomita nyingi tu, mzee akasema:

"Ile ya zamani umeiuza?"

"Hapana baba, iko stoo."

"Afadhali."

Heroe tuliwaona. Wengi, kwa mbali, pinki. Sina cha kusimulia, nilikuwa nasikiliza matairi.

Sasa kuhusu duka. Niliporudi Arusha nikabeba risiti na boksi langu lililopasuka. Yule yule muuzaji aliyeniita boss akaligeuza boksi, akaligeuza tena, akaniambia kwa utulivu kabisa:

"Mzee, hii umeitumia."

Nikamwuliza, "Sasa ulitaka niivae?"

"Sisi tunauza mpya. Hii imetumika." Akanionesha kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sirudishi bidhaa, narudisha ufa. Akaongeza, na hapa ndipo damu ilipanda, "Spana inataka akili, siyo nguvu." Mbele ya wateja! Kijana ambaye hajui tofauti ya meno 12 na pembe 6, maana nilimwuliza, akasema yenye meno mengi ndiyo bora. Nikaongea sana. Mengine siyo ya kuandika.

Nimekuwa nikiandika haya kwa hasira, na ni lazima niseme na upande wa pili, maana shemeji anasoma na atanikumbusha. Wiki moja kabla ya safari nilizungusha matairi kwa mtu wa tairi, na kijana wake alizikaza nati zote kwa mashine ya upepo mpaka mashine ikalia. Sikuzirudia kwa mkono. Pia mimi nina kilo tisini na kitu, na nilisimama juu ya bomba. Kuna maboksi mazuri ambayo yangelalamika. Kwa hiyo nikisema ni kosa la chuma peke yake, nitakuwa nasema uongo kidogo. Kidogo tu. Boksi la nondo halikulalamika.

Nikiwa natoka dukani, kijana mwingine, yule wa kupanga mizigo, akanikimbilia mpaka barabarani. "Mzee, samahani. Kwa Land Rover chukua hili." Boksi namba 27 jeusi, la pembe 6, nene, zito, halina mng'ao hata kidogo, la kutumia na mashine ya upepo. Elfu kumi na mbili. Nikaligeuza, nikachungulia ndani kama daktari wa meno. Nikalipa. Ndiyo, duka lilelile. Na tangu hapo nimefungua nalo matairi mara mbili tatu, sijui niseme nini, ni zuri sana. Kwa hiyo kama mtu anaulizia duka, nendeni, ila msimsikilize wa kaunta, mtafuteni huyo wa nyuma.

Sanduku lenyewe nilitaka kulipatia nyota sifuri. Lakini plaizi nimeitumia juzi tena, na racheti ndogo, ule mkono wa kuzungushia maboksi, inafikia betri vizuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Basi nyota mbili. Moja na nusu.

Nyuma ya kiti changu sasa kuna ule mchuma mweusi, umelala juu ya bomba la chuma, rola moja ya waya, mipira ya tyubu iliyokatwa vipande, fenibelti, hozi ya juu ya rejeta na kipande cha sabuni ya kufulia, maana tangi la mafuta likitoboka kidogo sabuni ikisuguliwa kwenye ufa inakufikisha kwa fundi. Vyote hivyo pamoja havifiki nusu ya bei ya pisi 108.

Shemeji ameomba nimwazime sanduku aende nalo Moshi na Noah yake. Nati za Noah ni 21, nimemwambia achukue. Ila lile boksi 27 lililopasuka nimelibakiza. Nimelitundika kwa waya kwenye kioo cha ndani cha gari, na kwenye barabara mbovu linagongagonga kioo. Mzee alipopanda Jumapili kwenda kanisani alilitazama mpaka tukafika, kisha akaniuliza kama naweza kulifunga vizuri, linampigia kelele.